Faru Asubuhi, Mpira Saa Kumi: Siku Moja Same na Maore

Wakenya wengi wanaovuka mpaka wa Holili kwa mapumziko mafupi hukimbilia Moshi. Wewe ukifika Himo, kata kushoto. Kilomita 80 hivi mbele ni Same, na ukizunguka milima ya Upare kwa upande wa mashariki utafika Maore. Siku moja inatosha kuona wanyama asubuhi na kucheza mpira jioni, mradi uipange kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Hatua ya 1: Tafuta mechi kwanza

Wanyama wapo kila siku. Mechi ina siku yake. Uliza nyumba ya wageni utakayolala Same, au waulize vijana wa bodaboda, maana hao ndio wanaojua nani anacheza na nani. Jumapili ndiyo siku nzuri. Wamisionari Wasabato walifika Upare mwaka 1903, na hadi leo waumini wao ni wengi huku, kwa hiyo Jumamosi unaweza kukuta nusu ya kikosi iko kanisani. Mechi za mchangani huanza saa kumi hivi, jua likishapoa. Mipango yote ya siku ifunge kwenye saa hiyo.

Hatua ya 2: Vuka mpaka siku moja kabla

Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, badilisha fedha, ulale Same. Miraa iache Kenya. Nchini Tanzania inaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya kisheria. Kisingizio kwamba kwenu inauzwa dukani hakitakusaidia mbele ya polisi.

Hatua ya 3: Saa kumi na mbili asubuhi uwe lango la Zange

Lango hili la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko karibu sana na mji wa Same. Kodi gari tangu jana yake, kwa sababu bodaboda haiingii hifadhini. Onyesha kitambulisho chako: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wengine. Usitegemee kulipa taslimu. Andaa kadi au simu yenye salio.

Mkomazi ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,245 na imepakana na Tsavo Magharibi, kwa hiyo tembo utakayemwona huenda naye ametoka Kenya, ila yeye hakugonga muhuri. Usije kwa kutarajia makundi makubwa kama ya Serengeti. Hapa ni nchi kavu ya miiba, na raha yake ni wanyama wa ukame: choroa, tandala mdogo, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia majani. Faru weusi, walioanza kuletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, wanatunzwa ndani ya uzio maalumu. Habari za kuwatembelea ziulizie mapema, si langoni asubuhi hiyo. Saa tano geuza gari, hata kama dereva anakuahidi simba.

Hatua ya 4: Shika barabara ya Kisiwani

Milima iko kulia kwako, nyika ya Mkomazi kushoto. Pita polepole palipo na ng'ombe. Wafugaji waliondolewa ndani ya Mkomazi mwishoni mwa miaka ya 1980 na jambo hilo bado linawauma wengi, basi usimpige mtu picha bila kumwomba. Ukifika Maore, kula makande, chakula cha Wapare hasa, au wali. Mpunga unalimwa jirani hapo Ndungu, kwenye skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Japani. Kula kidogo, kwani tambarare hii ina joto na bado una kazi ya kukimbia.

Hatua ya 5: Ingia uwanjani kwa adabu

Fika nusu saa kabla. Wazee waliokaa kivulini waamkie kwanza, tena kwa shikamoo. "Habari zenu" ya Nairobi itakufanya uonekane huna malezi. Kisha mtafute kocha au nahodha, jitambulishe, useme unacheza nafasi gani. Mechi ikiwa ya kombe, hata kama zawadi ni mbuzi, usiombe namba: kaa na mashabiki uchangie maji ya wachezaji. Ikiwa ni mazoezi au bonanza, utapewa dakika zako. Vaa daluga zako mwenyewe, maana ardhi ni ngumu na kuazima ni kumvua mtu. Utani wa Simba na Yanga utakukuta. Chagua upande mapema, na ukichagua usihame.

Hatua ya 6: Rudi Same mara mechi ikiisha

Mwambie dereva mapema kwamba mtaondoka filimbi ya mwisho ikilia.

Shengena, kilele cha mita 2,462 katika msitu wa Chome, usikibane kwenye ratiba hii. Kinataka siku yake nzima, na miguu ambayo haikucheza mpira jana.