Kompyuta Inayochelewa Kuwaka

Taa ya umeme huwaka mara tu ibonyezwapo. Kompyuta sivyo. Kwanza hujichungua yenyewe, kuona kama kumbukumbu, kibodi na diski vipo. Kisha hutoa katika diski mfumo endeshi, yaani ile programu kuu iziongozayo nyingine zote, na kuutia katika kumbukumbu. Mwisho huziita programu nyingine zilizoagizwa kuanza pamoja nayo. Diski ni kama ghala, na kumbukumbu ni kama meza ya kazi: kila kitu hutolewa ghalani, ndipo kikafanyiwa kazi mezani.

Basi kompyuta ikichelewa, msikimbilie kufuta vitu wala kuifungua. Shikeni saa, mtazame ni wapi inapokawia.

Ikiwa mahali pa kuandika neno la siri hutokea upesi, lakini baadaye mshale hauendi kwa dakika kadhaa, yaelekea programu zinazoanza pamoja ni nyingi mno. Nyingine hazikuitwa na mtu: zilipowekwa zilijiandikisha zenyewe katika orodha. Katika kompyuta zenye Windows, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, bonyezeni pamoja Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha lenye sehemu ya programu za kuanzia. Programu ikizuiwa hapo haifutwi. Hungoja tu mpaka itakapohitajiwa. Zuieni moja, mwashe tena, mpime kwa saa, ndipo mwende kwa ya pili. Azuiaye kumi kwa mara moja hatajua ni ipi iliyokuwa mzigo. Ile ya kukinga virusi iacheni.

Ikiwa yakawia kabla ya hapo, huku taa ndogo ya diski ikiwaka bila kupumzika, ishukieni diski. Diski za zamani zina sahani zizungukazo, nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kiendacho huku na huku kikitafuta. Diski za SSD hazina kitu kizungukacho, kwa hiyo husoma upesi zaidi. Fundi akibadili diski tu, kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nyingi yaweza kuwaka kwa muda usiofika dakika moja.

Tena tumieni masikio. Mkisikia diski ikigonga, nakilini kwanza kazi zenu mahali pengine, wala msiizime na kuiwasha kila mara kwa kujaribu.

Katika shule moja niliyofundisha, kompyuta ya ofisi ilichukua dakika 2 kuwaka, baadaye 5, hata ikafika 9. Sisi walimu tulizuia programu, tukafuta picha, tukaulaumu uzee wake. Asubuhi moja mpishi alileta chai, akasimama mlangoni, akauliza, “Walimu, ni nini kinachogonga humo ndani?” Sauti ile tulikuwa tukiisikia kila siku, nasi tulikwisha kuizoea. Ilikuwa diski, ikijaribu kusoma mahali palipoharibika, ikishindwa, ikirudia. Ndani yake mlikuwamo alama za darasa la saba za mwaka mzima, wala nakala hatukuwa nayo. Hatukuizima tena. Tulinakili alama zile katika flashi, faili moja moja, na kazi hiyo ilituchukua mchana kutwa. Kesho yake kompyuta haikuwaka kabisa.