Vipimo vya Homoni: Kwa Nini Huchukua Siku Nzima

SOMO LA AFYA

Kutoka Ngome ya Yesu hadi Hospitali ya Rufaa ya Pwani si mbali. Zote ziko kisiwani. Lakini kwa aliyeandikiwa vipimo vya homoni, safari huwa fupi na siku ikawa ndefu. Wapo wanaotolewa damu mara moja, wakadhani wamemaliza, wakaenda zao. Hapo kipimo kimeharibika, na itabidi kianze upya siku nyingine.

Kwa nini saa ni muhimu?

Homoni hutengenezwa na tezi na kusafiri kwenye damu ili kuongoza kazi za mwili. Kiasi chake hupanda na kushuka. Kotisoli, inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, huwa nyingi asubuhi na hupungua kabisa karibu na saa sita usiku. Kiwango kilicho sawa jioni chaweza kuwa dalili ya ugonjwa kikionekana saa mbili asubuhi. Ndiyo sababu mhudumu huandika saa kwenye kila chupa ya damu.

Kwa nini damu mara kadhaa?

Wakati mwingine daktari hutaka kuona tezi ikifanya kazi. Hutoa damu, hukudunga sindano ya kuiamsha tezi, kisha hutoa damu tena baada ya dakika 30 na dakika 60. Anayechunguzwa kama homoni ya ukuaji imezidi hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, na damu hutolewa kila nusu saa kwa muda wa saa mbili. Anayetumia vidonge vya haidrokotisoni huweza kupimwa tangu asubuhi hadi jioni.

Jitayarishe hivi

• Uliza mapema kama utahitaji kukaa bila kula. Si kila kipimo hutaka hivyo. Kwa kipimo cha glukosi, mahamri na chai visubiri hadi umalize. Mwezi wa Ramadhani, zungumza na daktari kuhusu tarehe.

• Beba dawa zako zote, pamoja na vitamini za nywele na kucha. Zenye bayotini zaweza kupotosha majibu.

• Taja krimu za kujichubua bila haya. Baadhi zina steroidi kali zinazopenya ngozi na kuzilaza tezi za juu ya figo.

• Usiache ghafla prednisoloni au haidrokotisoni kwa sababu ya kipimo. Presha yaweza kushuka, ukatapika na kuzimia. Maisha huwa hatarini. Daktari ndiye atakayekwambia dozi ipi uisubirishe.

• Mwanamke ajue tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Baadhi ya homoni hupimwa kwa siku maalumu za mzunguko.

• Uliza gharama na malipo ya SHA kabla ya siku yenyewe. Njoo na maji, chakula cha kula baadaye na, ikiwezekana, mtu wa kukusindikiza.

Jipime

1. Kotisoli huwa nyingi wakati gani?
2. Nini hutokea ukiondoka baada ya damu ya kwanza?
3. Ni dawa zipi zisizoachwa ghafla?

Ukiweza kuyajibu haya, mfundishe na jirani yako.