Unapompokea Mgeni Mpala

Mgeni anayefika Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, kutafuta habari za utumwa mara nyingi hutarajia minyororo. Hapa anakuta ziwa, misioni na watu wakiendelea na kazi zao. Kwa hiyo atakachokiona kinategemea sana maneno yako wewe unayemtembeza.

Msimulie yote. Émile Storms, mwanajeshi wa Ubelgiji, alianzisha kituo hapa mwaka 1883. Desemba 1884 askari aliowatuma walimuua Lusinga, mtawala wa Watabwa, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Lusinga naye alikuwa akiteka watu na kuwauza. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa wamisionari Wakatoliki, Mapadri Weupe, na mwaka 1887 akaja Kapteni Joubert, mwanajeshi Mfaransa, kupambana na watekaji. Mapadri waliwatoa watoto utumwani kwa kuwanunua, wakawalea misioni.

Habari hizi haziwagusi wote sawasawa. Mwenye babu aliyekombolewa huishukuru misioni. Wa ukoo wa Lusinga huuliza fuvu litarudi lini. Mzungu anaweza kuona aibu, au akaanza kujitetea. Mwache kila mmoja aseme. Anayelia mpe nafasi, usimkimbizie neno la faraja. Kule Zanzibar, Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna sanamu za watu watano shimoni wakiwa na minyororo shingoni. Wapo wanaosimama kimya mbele ya sanamu hizo, na wapo wanaojipiga picha huku wakitabasamu. Hapa pia, anayetabasamu mweleze kwa upole pahali hapa palikuwa pahali gani.

Jambo moja tunalikataza kabisa: kusema "Waarabu ndio waliofanya" na kuishia hapo. Watekaji walikuwa wafanyabiashara wa pwani, ruga-ruga (wapiganaji wa kukodiwa) na machifu wetu pia, na pembe za ndovu walizobebeshwa mateka zilinunuliwa Ulaya na Marekani. Mwislamu wa mji wa Kalemie leo hadaiwi deni hilo, na mgeni asiondoke akimtazama kwa jicho baya.

Akiuliza kuhusu fuvu, mjibu wazi: liliwekwa katika makumbusho huko Ubelgiji, na sanamu ya Storms iliyokuwa Brussels iliondolewa mwaka 2022. Akitaka habari za koo, mpeleke kwa wazee, lakini watangulie kuulizwa kama wako tayari kuzungumza. Wengine hawapendi asili ya familia zao itajwe mbele ya watu. Wakikataa, ziara iendelee bila wao.