Kiongozi wa Biashara Naye Anahitaji Mlezi

Tukisikia neno "mlezi", wengi wetu tunamfikiria padre anayewalea waseminari. Lakini mwenye duka, mkurugenzi wa kampuni na mwenyekiti wa SACCOS nao wanahitaji kulelewa. Kadiri mtu anavyopanda cheo, ndivyo wanavyopungua wa kumwambia ukweli: walio chini yake wanaogopa kibarua kuota nyasi.

Mfano wa Yethro

Tusome Kutoka sura ya 18. Musa alikuwa akiamua mashauri ya watu peke yake, tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, baba mkwe wake, kwanza alitazama, kisha akauliza, ndipo akashauri: achague watu wacha Mungu wanaochukia rushwa, wawe wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Musa akasikia. Yethro akarudi kwao. Hakutamani kiti cha mkwewe.

Hapa tunaona huduma mbili. Mlezi amekwisha kuipita njia, hivyo humwonyesha mwenzake mashimo yalipo. Kocha huuliza maswali mpaka mtu aone jibu mwenyewe. Yethro alifanya yote mawili.

Katika biashara za leo

Bill Campbell alifundisha timu ya futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia. Baadaye akawa mshauri wa Steve Jobs wa Apple na Eric Schmidt wa Google. Schmidt aliposhauriwa awe na kocha, mwanzoni hakuona haja. Baadaye alisema huo ndio ushauri bora aliowahi kupewa.

Ulezi na imani

Mwaka 2012 Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilitoa tafakari juu ya wito wa kiongozi wa biashara, likionya kuhusu maisha yaliyogawanyika: Jumapili muumini, Jumatatu mtu mwingine. Kwa hiyo mlezi mwema haulizi faida tu. Huuliza pia: mizani yako ni ya haki? Mishahara imelipwa kwa wakati?

Tufanye nini?

Tumtafute mtu mmoja mwenye uzoefu, asiye na maslahi katika biashara yetu. Tukutane naye kila mwezi, tukiwa na hesabu za kweli mkononi. Nanyi waseminari, kesho mtasimamia shule, zahanati na miradi ya parokia. Zoeeni leo kuulizwa maswali magumu bila kununa.