Jalada la kazi la mwandishi wa kiufundi anayeanza

Mwanafunzi wa lugha anayetafuta kazi ya uandishi wa kiufundi huulizwa mapema: umeandika nini? Wengi hupeleka TFC. Kazi hiyo inaonyesha kwamba mtu anaweza kusoma vitabu na kupanga hoja. Haionyeshi kama anaweza kumwongoza mama mwenye mtoto anayeharisha, naye ameshika pakiti ya SRO yenye maandishi ya Kifaransa.

Jalada la kazi ni mkusanyo mdogo wa maandishi ya maelekezo, pamoja na ushahidi wa namna yalivyotengenezwa. Kwa maoni yangu ushahidi huo una uzito kuliko maandishi yenyewe.

Tubaki na pakiti hiyo. Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji ya kunywa. Mwanafunzi atatafsiri upesi: «Changanya pakiti moja katika lita moja ya maji safi.» Sarufi haina kosa. Lakini nyumbani kuna bidoni ya lita 20, chupa ya maji ya lita 1.5, na chupa ya soda ya sentilita 33. Lita moja iko wapi? Akitumia chupa ya lita 1.5, dawa inapungua nguvu. Akitumia chupa ya soda, inakuwa kali karibu mara tatu, na chumvi nyingi hivyo inaweza kumdhuru mtoto. Tena «maji safi» kwa wasomaji wengi ni maji yanayong'aa, hata kama hayakuchemshwa.

Mwandishi wa kiufundi huanzia hapo. Anamtafuta mtu asiyeijua dawa hiyo, anampa karatasi, pakiti na vyombo vya nyumbani, kisha ananyamaza na kutazama. Asiulize «Umeelewa?», kwani kwetu heshima humfanya mtu ajibu ndiyo. Aandike mkono ulisita wapi, chombo gani kilichukuliwa, neno gani lilisomwa mara mbili. Baada ya kutazama watu watatu au wanne, andiko linaweza kuwa hivi:

Soma kwenye pakiti kiasi cha maji. Ikiwa ni lita 1:
Nawa mikono kwa sabuni.
Chemsha maji, yaache yapoe.
Jaza chupa ya nusu lita mara mbili, mimina katika chombo kisafi.
Tia pakiti yote, koroga mpaka iyeyuke.
Funika. Kilichobaki baada ya saa 24, mwaga.

Katika jalada weka tafsiri ya kwanza, maandishi uliyochukua ulipokuwa unatazama, na andiko la mwisho. Ongeza nusu ukurasa wa kueleza ulimwandikia nani na ulibadilisha nini. Hapo pia elimu ya fakulte yetu inapata kazi. Kwa mfano, Lubumbashi «munganga» ni daktari wa hospitali; msomaji wa pwani akiona «mganga» anaweza kufikiri mganga wa kienyeji. Ukichagua «daktari» au «munganga», toa sababu. Hoja ya namna hiyo mhandisi hawezi kuiandika mahali pako.

Kielelezo cha pili kiwe cha aina nyingine, mfano mita ya umeme wa kulipia kabla. Kuingiza tarakimu 20 za risiti ni jambo dogo. Msomaji anahitaji kujua afanye nini mita ikizikataa: ahakikishe tarakimu moja moja, alinganishe namba ya mita na ile ya risiti, ndipo aende ofisini. Cha tatu kinaweza kuwa orodha fupi ya istilahi za fani moja, ukiwa umewauliza mafundi wanaozitumia. Vielelezo vitatu vilivyojaribiwa vinatosha. Kumi visivyojaribiwa vinachosha tu.

Ukifanya kazi ya majaribio katika shirika, usichukue hati zake bila ruhusa ya maandishi. Wakikataa, andika upya maelekezo ya kifaa kama hicho kwa maneno yako. Majina ya watu uliowatazama yafute. Umri na lugha wanayosoma vinatosha. Na andiko la afya, hata kama limekusudiwa jalada tu, lisomwe na muuguzi kabla ya kumpa mtu yeyote alijaribu, na masahihisho yake yabaki pembeni kwa kalamu yake.