Beni, Bendi na Tarumbeta: Ushahidi wa Msamiati katika Historia ya Vikundi vya Gwaride vya Vijana, Mombasa hadi Himo

1.0 Utangulizi

Historia ya vikundi vya vijana vilivyopiga ala za kuvuma na kuandamana kwa gwaride katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi na wanahistoria na wanaanthropolojia. Ranger (1975) alionyesha kwamba beni haikuwa kasuku wa majeshi ya kikoloni, bali ngoma iliyobeba ushindani na ubunifu wa muda mrefu wa jamii za mwambao. Hata hivyo, ushahidi wa lugha haujapewa uzito unaostahili. Makala hii inadai kwamba msamiati wa vikundi hivyo unaunga mkono hoja ya Ranger na kuiongezea nguvu: vijana hawakukopa maneno kwa sababu Kiswahili kilipungukiwa, bali kwa sababu walihitaji kutofautisha mambo ambayo maneno ya zamani yangeyachanganya.

2.0 Chimbuko la Mwambao

Kabla ya beni, mwambao ulikuwa na ala zake za kuvuma: siwa, baragumu, panda na zumari. Neno zumari lina asili ya Kiarabu. Tarumbeta huhusishwa na neno la Kireno trombeta. Katika karne ya 19 ziliongezeka bendi za mtindo wa Ulaya: ile ya Sultan Barghash wa Unguja (1870–1888), na ile ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na wamishenari karibu na Mombasa mwaka 1875. Beni ilizuka katika mazingira hayo, Lamu na Mombasa, ikajengwa juu ya desturi kongwe ya mitaa kushindana kwa ngoma.

Mombasa palikuwa na vyama viwili mashuhuri, Kingi na Scotchi. Wachezaji wa Scotchi walivaa sketi za Kiskoti, vazi linalofahamika zaidi duniani kwa wapiga zumari za mfuko wa majeshi ya Uingereza. Vyama vya wanawake vya lelemama navyo vilihusiana na ushindani huo (Strobel 1979).

3.0 Uchambuzi wa Maneno

3.1 Umbo la sauti

Maneno beni, kingi, Scotchi, Marini na Arinoti yote huishia kwa irabu i. Utaratibu huu ni ule ule wa benki, koti na hoteli. Baada ya sauti za midomo irabu huwa u mara nyingi, kama katika stempu, pampu na klabu. Kwa hiyo hata jina Scotchi, ambalo vitabuni huonekana kama la kigeni kwa tahajia yake, ni la Kiswahili kwa muundo wake wa mwisho.

Jambo la kuzingatia ni kudondoka kwa d katika beni. Kiswahili kinaruhusu nd, kama katika kundi na pendo. Hivyo kudondoka huko hakukulazimishwa na muundo wa silabi. Maelezo yanayoelekea zaidi kuwa sahihi ni kwamba neno lilipokewa kwa sikio, pale d ya mwisho wa neno la Kiingereza band ilipotamkwa kwa udhaifu. Bendi, kwa upande mwingine, imehifadhi sauti zote na kufanana zaidi na umbo la maandishi. Basi, neno moja limekopwa mara mbili.

3.2 Mgawanyo wa maana

Maumbo hayo mawili hayakugombana, yaligawana kazi. Mtu hucheza beni, kama anavyocheza lelemama, lakini hupiga muziki katika bendi. Beni ni ngoma yenye vyeo, sare, gwaride na mashindano. Bendi ni kundi la wapigaji na ala zao. Vijana Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1971 chini ya umoja wa vijana wa chama tawala cha Tanzania, iliitwa bendi, wala haikuitwa beni, ingawa ilimilikiwa na chama cha vijana.

Mgawanyo kama huo unaonekana katika kingi. Kiswahili kilikuwa na mfalme na sultani. Kwa kuchagua kingi, wanachama walipata jina la cheo cha ngomani lisilochanganywa na mamlaka halisi. Ukopaji ulitenganisha mchezo na utawala, na hivyo ukawapa vijana uwanja wa kuutazama utawala huo kwa mbali.

4.0 Njia za Kueneza: Himo kama Mfano

Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918, iliwasogeza askari na wapagazi, na pamoja nao beni. Tanganyika ilijua hasa makundi mawili, Marini na Arinoti. Himo ni mahali panapofaa kutafakari uenezi huo. Hapo barabara ya kutoka Moshi hugawanyika: moja huelekea Holili, Taveta na Voi, njia ya Mombasa, nyingine hushuka Mwanga, Same na Korogwe. Reli ya Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, na mwaka 1916 reli ya kijeshi kutoka Voi iliunganishwa nayo Kahe.

Lakini miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa na chimbuko la pili. Misheni ya Leipzig, iliyoanza kazi huko mwaka 1893, ilitoka katika Ulutheri wa Kijerumani wenye desturi ya vikundi vya ala za shaba. Katika usharika wa Kilutheri vikundi hivyo havikuitwa beni wala, kwa kawaida, bendi, bali tarumbeta. Hapa jina la ala limepanuka: matarumbeta ni ala, ni kundi la wapigaji, na pia ni shamrashamra yenyewe, kama inavyosemwa kwamba arusi ilikuwa na matarumbeta.

5.0 Hitimisho

Beni, bendi na tarumbeta si visawe. Kila neno limehifadhi njia yake: uwanja wa mashindano, jukwaa la muziki, na usharika. Mtafiti anayeyatafsiri yote kwa neno moja hufuta historia tatu kwa mara moja, na mtunga kamusi anayeyapanga kama visawe humkosesha msomaji tofauti ambazo wazungumzaji wenyewe wamezitunza kwa vizazi. Utafiti wa sanaa za vijana, iwe Mombasa au Himo, hauna budi kuanza kwa kuuliza wenyewe waliuitaje mchezo wao.