Sigara Moja ni Bei Gani?

Somo: Luka 14:28-30, Mithali 23:29-35, Isaya 55:2

Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri pale mlangoni mpaka watu wakaisha. Ana kibanda hapa Tena. Anauza mkate, maziwa, kredo, sukari ya kupima, na anauza sigara. Aliniuliza, "Pasta, hizo fegi ndizo zinaniletea watu jioni. Nikiziondoa, karo ya mtoto itatoka wapi?"

Nilimjibu haraka haraka, kipasta. Nikamwambia Mungu atafungua mlango mwingine. Alinishukuru kwa heshima akaenda zake, na mimi nikajua kabisa sijamjibu. Kwa hivyo Jumanne nilienda kibandani na kalamu, tukaketi juu ya kreti za soda tukapiga hesabu. Katika Luka 14 Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, na anamtarajia aanze kwa kukaa chini na kuhesabu pesa. Nilisomea biashara, na pengine huo mfano naupenda kupita kiasi.

Tulianza na mteja. Kwa kibanda chake sigara moja ni 20 bob. Chukua mtu anayevuta tano kwa siku, na huyo si mvutaji mkubwa. Ni 100 kwa siku, 36,500 kwa mwaka. Sasa, mchango wa chini kabisa wa SHA ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Huyo jirani anayesema hana pesa ya bima amechoma bima ya miaka kumi ndani ya mwaka mmoja. Lakini hakuna siku hata moja ameona 36,500 ikitoka mfukoni. Ilitoka ishirini ishirini. Isaya 55 anawashangaa watu wa namna hii, wanaotoa jasho lao kwa kitu kisichoingia kwenye sufuria.

Bei ndogo ndiyo inayoficha bei kubwa. Wazee wetu hapa Eastlands wanakumbuka Novemba 2000, pombe ya kumi kumi ilipoua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Mukuru. Iliitwa kumi kumi kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi. Ndani yake kulikuwa na methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia macho kwanza. Ndiyo maana wengine waliobaki hai walibaki vipofu. Na tusiseme hayo ni ya zamani. Februari 2024 kule Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe ya aina hiyo.

Kuna jambo moja la sheria ambalo lazima niliseme, hata kama litaniletea maneno. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Pakiti isiwe na chini ya sigara kumi, na asiuziwe mtu wa chini ya miaka 18. Sababu ni rahisi: kijana wa sekondari hawezi kupata pesa ya pakiti bila nyumbani kujua, lakini 20 bob anaipata kwa balansi ya mkate. Sote tunajua hiyo sheria haifuatwi mitaani, na baadhi ya wanaoivunja wanaimba na sisi Jumapili. Wazazi pia, msitegemee pua tu. Siku hizi kuna vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo. Havitoi moshi, havinuki, na mtoto anaweza kukaa nacho mdomoni mkiwa mezani mnakula.

Chuoni tulifundishwa kwamba ziko gharama zisizoandikwa kwenye bei. Mnunuzi halipi, muuzaji halipi, analipa mtu wa tatu. Serikali inajaribu kurudisha kidogo kwa ushuru: tangu mwisho wa 2024 ni shilingi 4,100 kwa kila sigara elfu moja, ambayo ni shilingi 4 na senti 10 kwa sigara. Weka hizo shilingi nne karibu na bili ya hospitali uone. Moshi unaleta saratani ya mapafu na ya koo, kiharusi, ugonjwa wa moyo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao wako ambao hawajawahi kushika sigara, walivuta tu moshi wa wengine. Kwetu sisi tunaoishi familia nzima chumba kimoja, hiyo si habari ya mbali. Tena mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata TB, na TB haichagui nani ndani ya hicho chumba alivuta.

Mimi ndiye naandika hesabu za mfuko wetu wa ustawi, kwa hivyo naona huyo mtu wa tatu ni nani. Ndugu mmoja, dereva, alipata kiharusi akiwa na miaka 41. Sigara na mzinga wa wikendi. Mkewe aliacha kazi kumhudumia, binti akakaa nyumbani muhula mzima, na sisi tukachanga mara mbili. Kwa vitabu vyangu imeandikwa "msaada wa matibabu". Kwa kweli ni salio la zile ishirini ishirini.

Utafiti wa NACADA wa 2022 ulipata kwamba kati ya Wakenya wa miaka 15 hadi 65, mmoja kwa kila sita anatumia kileo au dawa fulani ya kulevya. Pombe peke yake ni mmoja kati ya wanane, tumbaku mmoja kati ya kumi na wawili. Safu zetu za viti zina watu kumi. Sisemi hesabu hiyo inatua sawasawa kanisani, lakini pia sidhani inaishia getini. Tunawajua wanaotafuna PK kabla ya kusalimiana na mashemasi.

Na hapo mimi mwenyewe nimekosea. Kuna ndugu nilimwombea mara tatu madhabahuni, kila mara nikatangaza amewekwa huru, na sikuwahi kumpigia simu Jumatano kumuuliza usiku ulikuwaje. Mithali 23 inamwonyesha mlevi aliyepigwa na hasikii maumivu, na akiamka wazo lake la kwanza ni kutafuta nyingine. Mwandishi alielewa kwamba mwili wenyewe umefungwa. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu, hata kupata kifafa. Huyo apelekwe hospitali, na tumwombee tukiwa njiani. Waliotumia heroini, Hospitali ya Mathari imekuwa ikitoa matibabu ya methadoni tangu Desemba 2014. Kunywa hiyo dawa si kukosa imani.

Turudi kibandani. Tulipotoa bei ya kununua, tukatoa na deni la wale wanaosema "andika, nitalipa kesho", faida ya sigara ilikuwa ndogo kuliko mama alivyofikiri, lakini haikuwa sufuri. Nilimwambia hivyo. Karibu robo ya karo ilikuwa inatoka hapo. Aliamua kumaliza pakiti zilizobaki bila kumuuzia mtoto, halafu asirudishe. Sasa anauza mayai boilo na smokie (msicheke hilo jina). Anasema wateja wa jioni wamepungua, na karo ya muhula huu bado ana pengo. Kamati ya akina mama inajua.

Wanaouza na wangependa tupige hesabu pamoja, nipo ofisini Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi. Anayetaka kuacha na hataki kuanzia kwetu, simu ya NACADA ni 1192, haina malipo. Mkutano wa wanaume ni Jumamosi saa mbili asubuhi, na hatutaita mtu mbele.